Tunda la Okidi Nililokataa Kulikata Bichi

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu, ninawe mpaka kwenye viwiko, na nisipumulie chupa. Nikafikiri nimeingia msikitini. Ilikuwa miaka ya sabini, kwenye shamba la maua juu ya mji wa Wundanyi, na mimi masomo yangu yaliishia darasa la tatu.

Shamba lilikuwa na maabara ya kuotesha okidi, yale maua yanayokaa juu ya miti. Mbegu yake ni vumbi tupu, haina chakula ndani kama haragwe. Tuliipandia kwenye chupa, juu ya uji mzito wa mwani na sukari, uliochemshwa kwa presha usibaki na uhai wowote. Watu walituletea matunda ya okidi zao, tukawaoteshea.

Mzee mmoja wa kijiji cha Mwanda alileta okidi ya mti wao ulioanguka. Ilikuwa inakauka, ikiwa na tunda moja tu. Alitaka iote tena kwao. Fundi wa Maabara, mkubwa wangu, akaniachia kazi, akateremka Voi.

"Jumatatu ulikate, Mama Wakesho."

Jumatatu nikaliangalia. Bichi kabisa. Mimi nimelima tangu nikiwa mtoto, ni mwehu gani anavuna mbegu bichi? Nikalifunga kwa kitambaa changu cha kichwa ndege wasilidonoe, kama tunavyofunga mtama, nikaliacha likauke.

Fundi aliporudi lilikuwa limepasuka.

"Nilikwambia Jumatatu."

"Lilikuwa bichi, Bwana Fundi."

"Ndiyo. Tunda likiwa bado limefunga, ndani ni safi, na mbegu zake huota hata zikiwa bichi. Likipasuka, kuvu inaingia. Na mmea wenyewe umeshakufa. Mzee nitamwambia nini? Kwamba umezoea kuvuna maharagwe?"

Nilifungua kitambaa. Kwenye mikunjo kulikuwa na vumbi la manjano, zile mbegu. Tuliliosha kwa dawa ya kung'arishia nguo, kuua kuvu, tukapanda chupa kumi na mbili. Kuvu ilikula kumi na moja.

Ile moja niliilinda miaka mingi, nikihamisha miche chupa hadi chupa, hadi ikaweza kukaa nje. Mzee hakuiona, alikuwa ameshazikwa. Nilimpelekea mjane wake, kule Mwanda, mimea mitatu.

"Mmekaa nayo sana," akasema.

"Makosa ni yangu, mama. Ningelikata tunda mapema, mzee angeiona."

Akaniangalia, akanisogezea kigoda. "Basi kaa, unionyeshe inanyweshwaje."

Nilistaafu nikiwa nimefundisha wasichana wengi kazi ile. Wajukuu wananisifu, na sifa nazipokea, nimezifanyia kazi. Kila msichana nilimwanzisha kwa tunda bichi na kisu mkononi. Akisita, nilimwambia habari za Mwanda.