Kiti Kilichovaa Viatu vya Meneja

Nimewahi kuona kiti cha enzi kikitoka jasho.

Msinicheke. Mimi ni mpiga picha za watoto, shule niliiacha kabla haijaniacha, sina akili ya kutunga. Nasimulia nilichokiona.

Studio yangu ni chumba kimoja kwenye jengo la soko. Mwenye ubunifu alikuwa marehemu mke wangu. Alishona mbawa za kipepeo, makofia ya rubani, na kitambaa kikubwa chekundu chenye nyuzi za dhahabu.

Hicho chekundu kilikuwa na siri yake. Mtoto akikataa kutulia, mama yake anapiga magoti, tunamfunika gubigubi, mtoto anakalishwa juu. Kwenye picha unaona mfalme na kiti chake. Mama humwoni.

Mke wangu alifia kwenye benchi la hospitali akisubiri sahihi ya mkubwa mmoja. Kila nikiuliza naambiwa, "Mkubwa hayupo." Gari lake liko nje, koti lake liko kitini, yeye hayupo. Tangu hapo mtu mwenye cheo simwamini hata akinisalimia.

Basi meneja wa soko naye akakitamani chumba changu. Eti mbawa za vipepeo zinashusha hadhi ya jengo. Jengo lenyewe choo chake hakijawahi kuonja mlango.

Nikaenda kumwangukia. Akasema mwanawe anatimiza miaka mitatu, anataka picha ya kifalme. Ikitoka safi, nabaki. Ikiharibika, nifungashe virago.

Nikakubali. Mnyonge atamkatalia nani?

Wakaja: meneja, mkewe, na huyo mtoto. Nikambatiza Jenerali palepale, maana alianza kwa kulamba lenzi. Akamwaga poda yote. Akalivaa taji mguuni. Nikabweka kama mbwa, nikawika kama jogoo, mzee mzima na mvi zangu.

Akanitazama kwa huruma.

"Huyu hutulia mgongoni kwa baba yake tu," mkewe akasema. "Nyumbani ndiye punda wake."

Meneja akaangalia mlango, akaniamuru niufunge. Nikaurudishia tu. Komeo lilivunjika zamani, na niliyemripotia ni yeye mwenyewe.

Akapiga magoti na suti yake. Nikamfunika. Jenerali akapanda juu, akatulia kama kazaliwa ikulu.

Sijabonyeza kamera hata mara moja, mlango ukasukumwa. Karani wa ofisini kwake, kijana mgeni kazini, kashika kufuli jipya linang'aa. Akauliza kama nimemwona mkubwa.

Kiti kikaganda.

Nikakohoa kidogo. "Mkubwa hayupo."

Jamani, neno lile lina utamu. Ndiyo maana wanalipenda.

Karani akavuta stuli, akaufungulia ulimi. Akasema bosi wake anataka kupigiwa saluti hata na paka. Akasema bosi akiwa ofisini huagiza watu waambiwe hayupo, kisha analala. Kitambaa kikawa kinapanda na kushuka. Tone la jasho likadondoka sakafuni.

Kisha akanigeukia kwa upole. "Mzee wangu, usijichoshe na hiyo picha. Nimetumwa nije nifunge jioni. Chumba kishapewa shemeji yake."

Kumbe nilibweka bure.

Mke wa meneja ndiye aliyeuliza, taratibu kabisa. "Shemeji yake yupi, mdogo wangu?"

Karani hakumjua. Alidhani ni mteja. "Kaka wa mkewe, dada. Yule mkewe anayemletea chakula ofisini kila mchana."

Akaupakata mkoba wake.

"Kwetu tumezaliwa wasichana watupu," mama Jenerali akasema. "Na ofisini kwake sijawahi kukanyaga."

Karani akamtazama yeye, akamtazama mtoto, macho yakateremka hadi pindoni mwa kitambaa. Viatu vyeusi, ncha kama mkuki. Soko zima linavijua kwa mlio.

Jenerali akakichapa kiti kofi la mgongo. "Baba, twende."

Kiti hakikwenda.

Nikabonyeza.

Haijawahi kutoka picha nzuri kama ile studioni kwangu. Mtoto anacheka meno yote nje, kiti kimepinda upande, viatu vinachungulia.

Mkewe akalichukua kufuli na funguo zake kutoka kwa karani, akavitumbukiza kwenye mkoba. Picha akaitaka kubwa, ya kutundika sebuleni. Akasisitiza viatu visikatwe.

Chumba bado ninacho. Msidhani ni haki ilitendeka. Haki haipo, nadhani iko mkutanoni. Nimebaki kwa sababu kufuli liko kwenye mkoba wa mtu, na ndani ya nyumba ile hakuna mwanamume mwenye ubavu wa kulidai.

Hivyo ndugu zangu, mkiambiwa mkubwa hayupo, msikae kwenye benchi mkasubiri kama tulivyosubiri mimi na mke wangu.

Funueni kitambaa. Yupo.