Mvuke wa Bata wa Vilma

Jirani yangu Vilma hamwamini mtu. Padri akitangaza kwamba Kwaresima inaanza Jumatano, yeye akifika nyumbani anatazama kalenda. Tumepakana ua miaka arobaini, na bado nikimpelekea keki ya mbegu za popi ananiuliza nimetia nini ndani. Mimi nami sina subira naye. "Sumu, dada Vilma," huwa namjibu. "Kula."

Tangu mumewe Mózes afariki, viumbe hai waliobaki katika ua ule ni yeye na bata wake weupe. Mwanawe wa pekee, Balázs, anaishi mjini ghorofani, na alishasema mbele ya watu kwamba siku bata wakiisha, mama anahamia kwake na nyumba inauzwa. Vilma alikubali kwa sababu alijua bata wake hawataisha. Na nisifiche neno: kijana wangu aliwahi kuuliza kama kiwanja kile kitauzwa. Tangu siku hiyo Vilma alitundika pazia zito upande wa jikoni kwangu.

Huku kwetu milimani Csík baridi ya thelathini chini ya sifuri si habari ya kumsimulia mtu. Bata wanaivumilia, mradi umewatendea haki. Wanataka nyasi kavu chini ya miguu, mahindi jioni ili walale na tumbo lenye moto, na maji ya vuguvugu kwenye chombo chenye kina cha kuzamisha pua. Halafu wanataka hewa. Pumzi za bata zina maji mengi, na zikikosa pa kutokea zinarudi kuwanyeshea wenyewe. Ndiyo maana marehemu Mózes aliacha kitundu juu kabisa, chini ya paa la banda. Kila asubuhi ya baridi mvuke ulitoka pale, nami nikiuona dirishani nilijua kwa Vilma kumekucha salama.

Asubuhi moja sikuuona.

Nikaosha vyombo, nikachungulia tena. Hakuna kitu. Shida ilikuwa kwamba siku hiyo ilikuwa Siku ya Luca, katikati ya Desemba, na Siku ya Luca mwanamke hakanyagi ua wa mwanamke mwenzake. Akikanyaga, bahati ya kuku na bata inaondoka na viatu vyake. Mwanamume ni baraka, mwanamke ni nuksi. Mume wangu Dénes alikuwa msituni kutafuta kuni, na baridi haikuwa ya kumngoja. Nikavaa buti nikaenda.

"Simama hapo hapo," Vilma alisema kutoka mlangoni, hata lango sijalifungua vizuri.

"Dada, kitundu cha bata kimeziba. Hakuna mvuke."

"Kumbe unanihesabia mvuke wangu?"

"Nina macho."

"Unayo, tena makali. Leo ni siku gani?"

"Najua leo ni siku gani."

"Unajua, na umekuja." Akachukua ufagio. "Haya, toka. Na hiyo bahati yangu uiache hapo ulipoikuta."

Nilipogeuka nikamsikia nyuma yangu anafagia nyayo zangu kwenye theluji, mmoja baada ya mwingine, mpaka barabarani. Damu ilinichemka. Mtu anakuja kukuokolea mali, wewe unamfagia kama takataka!

Siku mbili baadaye bata mmoja alikufa. Vilma hakuja kunigombeza. Alikwenda dukani akasema maneno machache tu, kwamba Etelka, yaani mimi, alikuja kwake Siku ya Luca, basi. Nilipoingia kununua chumvi, wanawake walivuta vikapu vyao karibu na miguu yao.

Jioni ile ile alisimama langoni kwetu, akamwita Dénes peke yake.

"Shemeji, naomba uje ukae bandani kwangu."

"Nikae tu?"

"Mwanamume akikaa, nuksi inatoka. Mkeo abaki."

"Na nikiatamia, vifaranga vitakuwa vya nani?"

Vilma hakucheka. Macho yake yalikuwa yamevimba, na hasira yangu ikapungua kidogo. Nikawafuata bila kuitwa, naye hakuwa na nguvu ya kunifukuza.

Dénes aliinama akaingia. Alipotoka, kofia yake ilikuwa inachuruzika maji.

"Shemeji, nje theluji, ndani mvua," alisema. "Bata gani atapona humu?"

Tuliingia na taa. Kuta zilikuwa zimeota barafu kwa ndani, nyasi zimelowa, na bata wamejikunyata, manyoya yameshikana. Dénes akainua taa juu. Kitundu cha Mózes kilikuwa kimejaa povu la manjano, lile la kopo linalovimba na kukauka, ambalo mafundi wanazibia madirisha.

"Nani kaweka hili?"

"Balázs," Vilma alijibu. "Alipokuja majuzi. Alisema anataka wapate joto."

Dénes alilikata kwa kisu mpaka nyota zikaonekana. Tulizoa nyasi zilizolowa, nikaleta kavu kutoka ghalani kwangu, na Vilma alinusa kila fungu kabla ya kulitandaza. Nilimwacha anuse. Lakini mdomo wangu haujui kutulia.

"Balázs huyu huyu?" nilisema. "Si ndiye ambaye Mózes alikuwa akimpandisha ngazi kuvunja barafu kwenye kitundu? Si alichapwa siku moja kwa kukiziba na matambara?"

Vilma aliweka fungu la nyasi chini.

"Alichapwa," alisema. "Alikuwa darasa la nne. Walikufa bata watatu, akalia wiki nzima."

Nilitamani aseme kijana amesahau. Ningemuunga mkono papo hapo, hata kwa kiapo. Hakusema. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiyo si methali ya kumwambia mama kuhusu mwanawe, nikaimeza. Nilimwonea huruma kuliko siku tuliyomzika Mózes.

Balázs alikuja Jumapili. Viti vya nyuma vya gari lake vilikuwa vimekunjwa, kama mtu anayekuja kubeba vyombo. Mimi nilikuwa langoni kwa Vilma na ndoo ya maji ya vuguvugu, maana kisima chake kilikuwa kimeganda. Kijana alimbusu mama yake mashavu yote mawili, na kabla hajavua glavu akauliza, "Mama, bata wamebaki wangapi?"

Hakuuliza wanaendeleaje. Aliuliza wamebaki wangapi.

Vilma alimwonyesha mlango wa nyumba.

"Ingia ndani ule, mwanangu," alisema. "Supu ya kabichi iko mezani, bado ina moto."

"Nakuja. Ngoja niwaone bata kwanza."

Akaanza kuelekea bandani. Vilma ni mfupi, kichwa chake hakifiki begani kwa Balázs, lakini alimtangulia akasimama mbele ya mlango, mgongo ukigusa mbao.

"Kula utakula," alisema. "Humu huingii."

"Mama, una nini?"

Vilma alitazama langoni nilikosimama. Akaita.

"Etelka. Pita, ulete maji."