Jiko Lililojengwa Kama Bani

Baba alikuwa fundi wa mabani, zile nyumba za kukaushia tumbaku. Wakulima wa Katumba walimfuata hadi kwetu Makanyagio, kwa sababu bani lake halikuvujisha moshi hata kidogo. Sifa zikampanda kichwani. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, alipomjengea mama jiko la matofali ya kuchoma, alilijenga vilevile: dirisha hakuna, kuta zimefika hadi kwenye bati, kila ufa umezibwa kwa udongo. Mama alimwomba aache nafasi chini ya paa. Akajibu kwamba upepo unamaliza kuni.

Nina hasira hata ninapoandika haya. Mama alipika humo miaka mitatu, akakohoa mpaka majirani wakawa wanamtambua kwa kikohozi. Mganga wa zahanati alisema wazi kuwa ni moshi. Baba akasema mganga yule hajawahi kujenga hata banda la kuku. Mimi, binti wa miaka kumi na minne, nilichukua sululu nikatoa matofali mawili ukutani, juu ya mafiga. Kesho yake yalikuwa yamerudishwa na kupigwa lipu safi, na mimi nikachapwa.

Kando ya jiko, ukingoni mwa njia, mama alikuwa na bustani ya matembele na maboga aliyoimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Asubuhi moja alibeba mafiga yake, akayapanga katikati ya matembele, akawasha moto. Baba alimwuliza kama ana akili timamu.

"Baba watoto, mimi sio tumbaku," alisema, akaendelea kusonga ugali.

Alipika pale wiki nzima. Wakulima waliokuja kumtafuta fundi wakamkuta mke wake anapika nje, na jiko la matofali limefungwa. Wakauliza kulikoni. Mmoja akaondoka bila kutoa kazi. Jioni ileile baba alitoboa kuta, akaacha uwazi mpana chini ya bati pande zote. Mama akapandisha maboga juu ya paa ili kupunguza joto, na majirani wakaja kuiga.

Watu husema baba alimsikia mkewe mwishowe. Uongo mtupu. Kikohozi cha miaka mitatu hakikumwinua kitini, ila mteja mmoja alimwinua. Mama alimsamehe. Mimi sijamsamehe.