Mrusi wa Upande A

Wenzangu mliokulia Kasese enzi kaseti ikikatika inaungwa kwa rangi ya kucha, sogeeni tucheke kidogo. Vijana wa leo waacheni na simu zao. Nyumbani kwetu, katika zile nyumba za safu za wafanyakazi wa mgodi, tulikuwa na kaseti moja tu, na ndani yake hapakuwa na rumba, wala kwaya, wala mahubiri. Palikuwa na Mrusi.

Alikuja hivi. Baba alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa Bungoma aliyeifuata kazi ya mgodi hadi Uganda. Jumamosi moja alidandia lori mpaka Mpondwe, soko la mpakani, akarudi jioni amekumbatia redio ya kaseti kama mtu anayetoka wodini na mtoto mchanga. Mama wa Kikongo aliyemuuzia alimwambia, "Papa, mu ndani iko kaseti. Nakupa yo bure." Baba akajua moja kwa moja kwamba ni rumba. Wakongo wana nini kingine? Akaita majirani. Mama akakaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, sinia zima. Watu wakajipanga, wengine mpaka barazani, mabega yameshaanza kutikisika kabla hata muziki haujaanza.

Baba akabonyeza. Kimya. Halafu kukatoka kitu chembamba, mbali sana, kama mtu anayeimba akiwa ng'ambo ya mlima.

Baba akaipiga redio kofi.

"Labda betri," jirani mmoja akasema.

"Betri mpya hii!" Baba akajibu. Akasikiliza, akakunja uso, akakataa kabisa kukubali kwamba amepunjwa. "Hii ni rumba ya Wazungu. Inaanza polepole. Ngojeni gitaa."

Tukangoja gitaa mpaka upande mzima ukaisha, kabalagala zikaisha nazo. Watu wakaaga kwa adabu, na tukawasikia wakipasuka kwa kicheko walipofika kwenye mfereji.

Dada yangu Nafula alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa. Kesho yake aliipeleka kaseti shuleni, na mwalimu aliyejua Kifaransa kidogo akamsomea kibandiko. Muziki ulitungwa na Mrusi, mtu wa karne ile ile tuliyozaliwa sisi, si wa zamani za wafalme. Aliutunga kwa ajili ya fidla moja na kundi kubwa la wapigaji nyuma yake. Aliyeipiga fidla alikuwa mtu mwingine, bingwa anayejulikana dunia nzima, mwenye jina ambalo sisi tulilitamka kama dawa ya kikohozi. Hayo mambo ya nani katunga na nani kapiga hatukuyajali. Kwetu wote walikuwa Mrusi. "Mama, Mrusi ale kwanza," tulisema, maana yake betri za redio zianikwe juani kwanza zipate nguvu.

Muziki ulikuwa na sehemu tatu, na kila moja tuliipa jina. Ya kwanza ilikuwa Asubuhi, kwa sababu ilifunguka kama ukungu unavyoondoka milimani, mpaka unaona theluji kule juu na unajiuliza kama kweli umeiona. Ya pili ilikuwa Nyani. Ee Mungu, ile ya pili! Fidla iliparua, ikapiga chafya, ikaruka, ikabana pua, ikakimbia kama nyani aliyekwapua mahindi huku mwenye shamba yuko nyuma na fimbo. Sisi tulikimbia nayo, tukizunguka meza mara kumi, mara ishirini, tukaanguka chini kizunguzungu, tukicheka hata mbavu zikauma. Mwisho wa Nyani, mtu mmoja kule ukumbini waliporekodia alikohoa, na sisi kila siku, bila kukosa, tulimwambia kwa sauti moja, "Pole!" Ya tatu tuliiita Saa. Ilianza tik-tak, tik-tak, na fidla ikapita juu yake polepole kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Asubuhi na Nyani zilikaa upande A. Saa ilijaza upande B karibu hadi ukingoni, na hiyo ndiyo Nafula aliyoipenda kuliko chakula.

Siku moja mlango uligongwa kwa kirungu. Alikuwa Afande Okurut, askari polisi kutoka Teso, aliyepanga nyumba ya nne kutoka kwetu. Tulimwogopa kuliko chui.

"Nani anachinja paka hapa?"

Nafula akaonyesha redio kwa kidole. "Si paka, Afande. Ni nyani, anaiba mahindi." Afande akainama, akaikazia macho kama mshukiwa. Wakati huo fidla ilikuwa inaingia kwenye Nyani. Nikaona sharubu zake zikicheza. Akavua kofia. Akakaa kwenye kigoda cha Mama, magoti yakamfika kidevuni. Ilipoisha akatoa amri, "Rudisha! Rudisha pale nyani inaiba mahindi!" Tangu hapo kila jioni akitoka kazini alipita kwetu, tukapokea amri, tukarudisha. Siku moja nilimkuta peke yake nyuma ya nyumba akimsimulia kuku wetu namna vidole vya yule bwana vinavyokwenda.

Sasa sikieni mambo yalivyoharibika. Mama alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, na kwaya ilikuwa inakwenda Bwera kushindana. Mama yake mzazi, bibi yetu, alikuwa Bungoma, mgonjwa wa miguu, na walikuwa hawajaonana miaka sita. Mjomba angesafiri Jumatatu kwenda Kenya. Mama akasema siku ya Ijumaa, huku akichambua mchele, "Nitairekodi kwaya Bwera, mjomba ampelekee mama yangu anisikie. Ile kaseti ya Mrusi itatosha."

Nafula alipiga yowe kama ameungua. Mimi nilijilaza sakafuni. Afande alipoambiwa akasimama wima. "Hiyo kaseti haifutwi. Ni amri!" Akaingia mjini, akapita duka kwa duka akitafuta kaseti tupu kama anayesaka magendo. Wenye maduka wawili walifunga milango walipomwona. Akarudi jioni mikono mitupu, jasho linamtiririka. "Zimeisha, Mama. Watu wa harusi wamenunua zote."

Mama hakufoka. Aliketi akasema, "Haya, nami nimsikie huyu mtu vizuri, kabla ya hukumu." Alikuwa hajawahi kukaa naye, kazi zilimzidi. Akasikiliza upande A akitabasamu. Upande B ulipogeuzwa, akaacha mikono ikalala mapajani, na haikuinuka mpaka mwisho.

"Huyu anaimba kwa kijiti kuliko sisi kwa koo," akasema. Kisha, taratibu, "Lakini bibi yenu hajasikia sauti yangu miaka sita. Sitafuta kitu cha watu kwa nguvu. Amueni nyinyi, mniambie Bwera."

Jumapili tulikwenda Bwera juu ya lori lililokuwa likipeleka saruji, kwaya nzima, tukipita Kisinga tukipunga mikono. Tuliposhuka tulikuwa weupe mpaka kope. Sare za kijani hazikuonekana. Watoto wa Bwera walikimbia wakipiga kelele kwamba mizimu imekuja kuimba. Mwenye sauti ya nne alipiga chafya, vumbi likaruka, wanakwaya wote wakaanza kucheka, na hawakuweza kuacha. Walipanda jukwaani wakicheka. Mwamuzi akagonga meza.

Nafula alikaa mstari wa mbele na redio mapajani. Ile kaseti vijidirisha vyake vya juu vilikuwa vimevunjwa isifutike. Nilimwona akichana karatasi ya daftari, akaikunja ndogo ndogo, akaviziba. Akageuza upande B. Mama kule juu alikuwa akimtazama. Nafula akabonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi.

Waliimba, wenzangu. Nadhani ni kile kicheko kilichowafungua koo. Tulikuwa wa pili, tukapewa mbuzi, na mbuzi naye akarudi mweupe.

Kaseti ikaenda Kenya. Barua ilikuja baada ya majuma mengi, bibi ameiandikisha kwa katekista, na Mama akatusomea barazani, Afande akiwepo. "Nimesikia. Huyo anayeanza peke yake, mwenye sauti nyembamba, ni nani? Analia kama mfiwa, halafu anacheka kama mlevi. Mnampa chakula kweli? Mpeni uji." Kumbe walianza na upande A! Bibi alidhani Mrusi ni mwanakwaya wetu. Afande alicheka mpaka mkanda ukafunguka. Mama akaendelea, sauti ikapungua, "Upande wa pili nilikusikia wewe, binti yangu. Nilikujua kabla hujamaliza neno la kwanza." Hapo akaikunja barua, akaingia ndani.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Walisema kaseti ilikuwa kando ya kitanda. Hatukuiona tena, wala hatukuiulizia.

Mwezi uliopita nilimtajia binti yangu Sifa lile jina la dawa ya kikohozi. Akaliandika kwenye simu namna kumi na moja, na ya kumi na mbili akatokea yeye mwenyewe, bingwa wetu, muziki ule ule, ukumbi ule ule, hata kikohozi kile kile. Sikutaka kumtumia Nafula kwa simu. Kesho yake asubuhi nilipanda gari mpaka Mpondwe, ambako siku hizi yeye ni wakala wa forodha, mama mwenye mihuri na miwani.

Sifa alikuwa ameshanionyesha wapigaji wengine wengi wa muziki huo. Ni hodari, vidole vyao havikosei. Lakini wengi wanaparamia mwanzo kama watu waliochelewa mahali. Wetu anaanza kama hajali utamwamini lini. Hata Nyani anampa nafasi ya kupumua kabla ya kuiba.

Nikamwekea Nafula muziki kwenye simu ofisini kwake. Saa ilipoanza, alikuwa na muhuri mkononi. Hakuushusha. Mwishoni fidla haifungi kwa kishindo. Inapanda tu, inapanda, mpaka huwezi kusema imenyamaza lini.

"Ulijuta?" nikamuuliza.

"Kufuta? Hata siku moja. Nililia tu kwenye lori wakati wa kurudi. Nikawaambia ni saruji."

Tukacheka mpaka karani akachungulia. Nafula akaongeza sauti, akafungua dirisha, tukairudia tangu mwanzo. Enzi zetu, redio ikilia namna hiyo mtaa mzima ungejaa mlangoni, wengine kulalamika, wengine kula. Sasa vijana wa kubeba mizigo walipita mmoja mmoja, kila mtu na visikilizio vyake masikioni, kila mtu na wimbo wake. Sifa mwenyewe ana nyimbo elfu katika simu, na sijawahi kumwona akisikiliza hata mmoja ukaisha. Simlaumu. Sisi tulikuwa nao mmoja.

Dereva mmoja Mkongo, lori lake kwenye foleni chini ya dirisha, akatoa kichwa.

"Mama, hii iko muziki gani?"

"Ya Mrusi," Nafula akasema. "Ngoja, sehemu nzuri inakuja."

Dereva akazima injini.