Samaki wa Kapitolina Yegorovna

Siku Rodion alipomwona Kapitolina Yegorovna kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa akimfokea daktari mbele ya jiko. Kiwanda chao, nje kidogo ya Moscow, kilipika vyakula vya makopo vya wanaanga, na Kapitolina ndiye aliyekuwa mpishi mkuu.

"Chumvi hutaki, mafuta hutaki! Basi wapelekee karatasi watafune!"

"Chumvi ikizidi huko juu inakula mifupa yao, mama. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

Rodion, mfunga makopo mpya, akapita kimyakimya kando ya ukuta. Alikuwa mtu wa haya, aliyeishia darasa la nne, na pua yake iliziba mwaka mzima. Kapitolina alimpendea pua hiyo. Kule angani damu hupanda kichwani, pua huziba, chakula hupoteza ladha; basi Rodion alionja kama mwanaanga. Kila sufuria mpya alimwita aonje, na kila mara Rodion alisema, "Nzuri, mama."

"Nzuri! Nikikupa sabuni utasema nzuri!"

Miaka sita ikapita hivyo. Ndipo mwanaanga Yartsev akapungua kilo saba akiwa angani. Alikula vijiko viwili, kopo akaliacha. Kabla ya kuruka alikuwa amekuja kiwandani, kama ilivyo desturi, kuonja na kutoa alama, moja hadi tisa. Kila chakula alikipa tisa, maana wapishi walisimama nyuma ya kiti chake wakimkodolea macho.

"Adabu itamuua yule!" Kapitolina alipiga meza. Chombo cha mizigo cha kumpelekea chakula kilibakiza wiki tatu kuondoka, na daktari alisema Yartsev akizidi kukonda atarudi hawezi hata kusimama.

Akamsukumia Rodion kijiko cha samaki. "Sema."

"Nzuri..." Rodion akamkumbuka Yartsev. "Hapana. Kama pamba iliyolowa."

Kapitolina akampokonya kijiko.

"Miaka sita, Rodion! Miaka sita unanidanganya! Kaa hapo."

Akakuna mizizi mikali, akaongeza siki na kitunguu saumu. Rodion alitikisa kichwa kijiko baada ya kijiko. Cha kumi na moja kikamtoa machozi.

"Hiki kinafika puani, mama."

Makopo yakaenda. Habari ikarudi kwamba Yartsev amemaliza yake, sasa anamwomba mwenzake ya kwake. Kapitolina akanung'unika tu kwamba Yartsev angesema ukweli mapema.

Mwezi huo alistaafu. Rodion akambebea mkoba hadi langoni.

"Usinisindikize zaidi," Kapitolina alisema. "Yule mpishi mpya kaweka supu ya kabichi jikoni. Kaionje, umwambie ukweli wake kabla hujafunga makopo."