Para Mbele ya Wageni

Watu walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Alikuwa kinyozi wa makamo, mwembamba, mwenye vidole virefu na sauti ambayo haikutosha hata kuombea maji. Vinyozi wenzake walivuta wateja kwa porojo. Yeye aliwavuta kwa mkono mwepesi. Ukikaa kwenye kiti chake, kwanza alipitisha vidole kichwani polepole, akitafuta vipele na makovu, ndipo akawasha mashine. Maneno alimwachia mkewe, aliyeuza nguo za watoto kwenye baraza ya duka hilohilo.

"Mume wangu akikunyoa," mke aliwaambia wapita njia, "mwanao atapishana nawe njiani akuamkie kama mgeni!"

Kila wiki Kimya alifunga vifaa vyake mkobani akaenda mahabusu, kule nyuma ya mahakama wanakowekwa watu wanaosubiri kesi. Alikuwa na kibali cha kuwanyoa. Ilikuwa para kwa wote, kwa sababu ya chawa. Aliyemzoea zaidi ni dereva mmoja wa lori, aliyekamatwa kwenye mgomo wa madereva, na kesi yake ikawa ya kupigwa kalenda tu.

"Fundi, leo nitengeneze kama bwana harusi," dereva alimwambia kila mara.

Kimya alitabasamu, akampiga para kama wenzake.

Halafu siku moja askari wa getini wakamrudisha. Wiki iliyofuata pia. "Pumzisha mashine, tutakuita," walimwambia, ukapita mwezi na zaidi bila kuitwa.

Siku hizo dukani gumzo lilikuwa moja. Mwalimu mstaafu, ambaye alikuja kunyolewa hata pasipo nywele za kunyoa, alikunjua gazeti akasema, "Wageni wa mkataba wanakuja."

"Mkataba wa nini tena?" aliuliza muuza mkaa.

"Wa kupinga mateso. Serikali yetu ilitia saini kwamba mtu akiwa mikononi mwake hatapigwa. Sasa wanatumwa wakaguzi waone kama neno linatimizwa. Hapa ripoti yetu inasema mahabusu hakuna aliyeguswa hata kwa kibao."

"Hata kibao? Basi nahamia huko. Kwangu mimi mama watoto hajatia saini yoyote."

Watu wakavunjika mbavu. Kimya naye alicheka, kwa mabega tu.

Jioni hiyo sajini wa mahabusu akasimama mlangoni. "Kesho uje. Vaa shati safi. Lakini mkasi tu, mashine ni ya kuchonga kingo, umenielewa? Juu juu, wapendeze. Mkuu anataka wageni waone vichwa, si vipara kama magoti."

"Na chawa je, afande?" mke wa Kimya akadakia.

"Mama, chawa wako likizo."

Asubuhi Kimya alikuta kiti kipya uani, shuka jeupe, kioo, na waya wa umeme umevutwa kutoka dirishani mwa ofisi. Wageni walikuwa humo ofisini wakinywa chai na mkuu. Mahabusu walikaa kwenye benchi kwa mstari, na nywele zao zilikuwa zimeota nene, jambo ambalo hakuwahi kuliona mahali pale.

Wa kwanza kukaa alikuwa dereva wa lori. Hakutania. Kimya akapitisha vidole kama kawaida yake, na vidole vikasimama. Kichwa alichokijua laini kilikuwa na tuta kutoka sikioni hadi utosini, limeshonwa ovyo, bado limevimba. Akaenda nyuma, akakuta jingine. Alipoinua macho, macho ya dereva yalikuwa yakimngoja kwenye kioo.

"Ilikuwaje?" Kimya alinong'ona.

"Tulikataa chakula. Tulidai tupelekwe mahakamani. Wakatutoa mmoja mmoja wakatupiga vichwani. Walipomaliza ndipo wakakumbuka kuna wageni. Kwa nini unadhani hukuitwa?"

"Wote?"

"Karibu wote."

 Kimya aliwaza kibali chake, duka lake, na mkewe pale barazani. Akaweka mkasi chini. Akainama.

"Nikikupiga para, mimi nitarudi kwangu. Wewe utabaki na askari hawa, wageni wakishaondoka."

"Fundi," dereva akasema, "hiyo bei nilishailipa. Sasa nataka risiti. Piga."

Kimya akawasha mashine, akaivuta kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Kovu likatoka nje, jekundu, na nyuzi zake.

"We Kimya! Umelewa?" Sajini alirukia dirishani akachomoa waya. Mashine ikazimika katikati ya kichwa. Dereva akabaki nusu para, nusu msitu, na sajini akamtazama kama mtu aliyevunja sahani ya ukweni.

"Mvalishe kofia!"

"Sivai," dereva akasema. "Kichwa ni changu, afande."

Kimya akachukua wembe mkobani, akalowesha nywele zilizobaki.

"Weka chini hicho!"

"Siwezi kumwacha nusu," Kimya akasema, na kwa mara ya kwanza benchi zima likaisikia sauti yake. Aliendelea kunyoa. Sajini alinyoosha mkono amshike, lakini mlango wa ofisi ukafunguka, mkono ukarudi mfukoni.

Aliyewaongoza wageni alikuwa mama mwenye mvi, na mkalimani pembeni yake. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kiti, akatazama, akauliza.

Mkuu akacheka. "Huyu aliteleza bafuni, mheshimiwa."

Mtu mwingine akainuka kwenye benchi. "Hata mimi niliteleza, fundi. Ninyoe."

"Na mimi," akasema wa nyuma yake. "Lile bafu! Lina utelezi wa kuchagua vichwa!"

Wakainuka wote, wakapanga foleni nyuma ya kiti. Hakuna askari aliyethubutu kuwaketisha, maana wageni walikuwa wanaandika.

Mama yule akamgeukia kinyozi. "Unawafahamu watu hawa?"

Mkuu alikuwa amemkazia macho. Kimya aliufuta wembe. 

"Nafahamu vichwa vyao. Mara ya mwisho nilipovinyoa vilikuwa vizima. Kisha nikakatazwa kuja."

"Tunaweza kuficha jina lako."

Kimya akatazama foleni. "Hawa wamelificha wapi la kwao? Andika."

Wageni walipoondoka, dereva alitupwa chumba cha peke yake. Ila yule mama alirudi bila kupiga hodi, pamoja na daktari, akamkuta humo, na dereva akarudishwa kwa wenzake siku hiyohiyo. Kimya alinyang'anywa kibali. Kisha wakaja watu wa afya, wakasema duka ni chafu, wakapiga kufuli. Akahamishia kiti chake karakana ya seremala jirani, nyuma kabisa, kwenye vumbi la mbao.

Huko ndiko mwalimu alikowasomea jibu la serikali kwa wakaguzi. "Wanasema majeraha yalisababishwa na kinyozi asiye na ujuzi."

"Kimya!" muuza mkaa akapiga makofi. "Kumbe mkasi wako unapasua mafuvu halafu unashona!"

Safari hii Kimya hakucheka.

Haikupita wiki akaja bwana wa suti kutoka serikalini, nywele zake zinang'aa mafuta. Akaongea kwa upole. "Mzee wangu, tusaidiane. Simama mbele ya kamera, sema mkono uliteleza. Basi. Leo hii kufuli inatoka, na kibali unarudishiwa."

Seremala akasimamisha msumeno, mwalimu akakunja gazeti. Mke wa Kimya, ambaye nguo zake zilikuwa zimekosa baraza, alimgeukia mumewe. 

"Kaa," Kimya akasema.

"Nini?"

"Kaa hapa nikupige para. Kwa wembe mkavu. Ukitoka na mkwaruzo mmoja, nakwenda kwenye kamera yako."

"Kaa, bosi!" muuza mkaa akashangilia. "Mafuta hayo tutakurudishia!"

Bwana yule akashika nywele zake kwa mkono, bila kujua kama ameshika, akarudi nyuma hatua. "Utajuta, mzee."

"Labda. Lakini sitasema uongo kuhusu vichwa nilivyovishika kwa mikono yangu. Nenda kawaambie."

Gari lake lilipoondoka, mke wa Kimya alimtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Maneno yote hayo ulikuwa umeyahifadhi wapi, baba?"

Hakungoja jibu. Alikibeba kiti cha kunyolea, akapita nacho katikati ya mbao, akavuka njia, akakisimamisha mbele ya mlango wa duka lao uliopigwa kufuli, wazi kabisa, pale kila gari la serikali lilipopita.

"Kule nyuma kwa seremala tulijificha nini?" akasema. "Mwalimu, njoo ukae."