Kikohozi cha Kona

Mume wa mdogo wangu alikuwa na mikono minene, hata fundi cherehani alimkatia mikono ya shati kwa kitambaa cha suruali. Asiyeamini akamuulize fundi mwenyewe, kama bado hajafa. Watu walimwita Winchi, kama ile mashine ya kuvutia magogo. Alikuwa dereva wa lori la magogo kwenye kiwanda cha kupasulia mbao, na mdogo wangu alikuwa mpishi wa wafanyakazi hapohapo. Asubuhi wakipanda lori pamoja, jioni wakirudi nalo pamoja.

Lori lile lilikuwa la zamani, la enzi ambayo pawa ya kulainisha stelingi haijazaliwa. Stelingi yake ilikuwa pana kama sinia la kulia ukoo mzima, na ilikaza kama mlango wa mtu mchoyo. Kukata kona ukiwa na magogo mgongoni ilikuwa kubembeleza na kupigana kwa wakati mmoja. Kwanza uliache litembee kidogo, maana likisimama tuli halisikii la mwadhini wala la mpiga kengele. Kisha uinue makalio kitini, ukanyage sakafu, uvute kwa mgongo, kwa tumbo, kwa meno. Mimi kwa macho yangu nimeona siku lilipogoma kabisa, Winchi akavuta mpaka barabara ndiyo ikapinda.

Kona mbaya kuliko zote ilikuwa ya getini kiwandani, kati ya nguzo mbili za zege. Wapasua mbao walikuwa wakizima mashine ili watazame. Lori linakuja likiguna, Winchi anakohoa, "Ehem!", stelingi inazunguka, magogo yanapita bila kuchubua nguzo. Makofi!

"Wewe umekula nini?" walikuwa wakimuuliza.

"Mimi? Nimekula ugali kama nyie," alijibu kila mara, akishuka polepole ili wamwone vizuri. "Tofauti ni kwamba mimi ulishuka mikononi, nyie umebaki tumboni."

Sasa mimi mtu akidanganya simlaumu, ni ufundi kama ufundi mwingine. Ila uongo wa Winchi ulikuwa umekaa kiti cha pembeni, umejitanda mtandio. Mdogo wangu alikuwa akitazama nje kama gunia la unga lililopewa lifti, kumbe mkono wake wa kulia uko chini ya mtandio, umeshika stelingi. Winchi akikohoa, naye anavuta. Hakuna kikohozi, hakuna kona. Miaka yote ile watu walikuwa wakipigia makofi mikono mitatu, wakasifu miwili.

Binti yao hakujua. Alisomea uuguzi, na kwa vile alikulia ndani ya lori lile akimsikia baba yake akikohoa kila wakipinda, kazi yake ya kwanza baada ya kuajiriwa ilikuwa kumpima kifua. Akamletea dawa ya chupa. Winchi akainywa yote, uso kama anakunywa maziwa. Afadhali kumeza dawa kuliko kusema.

Lori likaja kuuzwa chuma chakavu, Winchi akastaafu, akawa wa kukaa barazani kutazama magari ya wenzake. Hakuna lililompendeza.

"Shemeji, hebu muone yule," ananiambia. "Anapinda kwa kidole kama anakoroga chai. Gari lisilokutoa jasho utajuaje kama umeliendesha? Lile langu nikikanyaga jiwe, jiwe linanisalimia kiganjani. Nikipita topeni najua kama ni tope la jana au la leo. Haya mengine ni kama kushikana mkono na mtu aliyevaa glavu."

"Na mgongo uliokuwa unakandwa kila jioni je?" mdogo wangu anadakia kutoka jikoni.

"Mgongo ni wangu. Acha uniume."

Lakini kukaa barazani kulimla. Ndipo binti akanunua gari dogo, la pawa, na kwa kuwa zamu zake hospitalini zilianza asubuhi na mapema, alitaka mtu wa kumpeleka mtoto wake shule. Huyo mjukuu wa kike Winchi anampenda kuliko mboni ya jicho. Alipolisikia hilo alinyoa ndevu siku ileile.

"Baba, ngoja kwanza nikuone ukiendesha," binti alisema. "Huyu ni mtoto, si gogo."

"Unanipima mimi? Wakati mimi nashika stelingi, wewe ulikuwa hujaombwa kwa Mungu."

"Ndiyo hivyo hivyo, baba. Jumamosi unipeleke kazini. Ukifika salama, mtoto ni wako."

Jumamosi hiyo nilikuwemo. Winchi kavaa shati lake la kazi lililopigwa pasi. Mdogo wangu kapanda mbele bila kuulizwa, maana hajawahi kupanda gari la mumewe akakaa kwingine. Mimi na binti nyuma. Barabara ilikuwa imenyooka mpaka karibu na hospitali, na mzee akaendesha vizuri, kweli tupu. Binti alinifinya paja kwa furaha.

"Umeona, mama mkubwa?"

Kisha tukafika getini. Geti jembamba, kona kali, nguzo mbili za zege. Pembeni wauguzi wa zamu ya usiku wanatoka, wagonjwa wameketi kwenye mabenchi wakiota jua. Nikamwona Winchi akiinua makalio kitini. Nikasema moyoni, uwiii.

"Ehem!"

Mkono wa mdogo wangu ukatoka chini ya mtandio kama chatu. Wakavuta wote wawili, kwa nguvu zilizotosha lori na magogo yake. Kigari cha watu kikazunguka kama mbwa anayewinda mkia wake, kikaruka maua, kikaingia kwenye kamba za kuanikia mashuka ya wodini, na kikasimama kimejifunika shuka jeupe gubigubi. Hakuna aliyeumia. Mgonjwa mmoja aliyekuwa hawezi kusimama alisimama, tena juu ya benchi, ili aone vizuri.

Mlinzi akafunua shuka kwenye kioo kama anayetambua maiti. Nyuma yake wauguzi walikuwa wamejaa. Na pale kwenye stelingi mikono mitatu ilikuwa bado imeng'ang'ania.

"Mzee," mlinzi akauliza, "nani dereva hapa?"

Binti aliiangalia ile mikono, kisha akaangalia kifua cha baba yake.

"Baba... kwani kile kikohozi?"

Mdogo wangu aliuondoa mkono polepole, akaurudisha chini ya mtandio, lakini hapakuwa tena na wa kumficha. "Mwanangu, lile lori lilikuwa zito," alisema.

"Alinisaidia kidogo," Winchi akasema. Kisha akaiachia stelingi. "Hapana. Si kidogo. Lile geti sijawahi kulipita peke yangu hata siku moja."

Alisema mbele ya wauguzi wote. Mimi niliyezoea kucheka misibani, siku hiyo niliinama nikajifanya natafuta kiatu changu.

Akamkabidhi binti funguo mwenyewe, hakungoja kuombwa. Wakati wa kurudi nyumbani muuguzi mmoja aliyetoka zamu ya usiku alituendesha, na Winchi akakaa nyuma na mimi. Hajui kukaa nyuma. Magoti yalikosa mahali, mikono hakujua aiweke wapi, mwishowe akaikalia.

Jumatatu mtoto akaandikishwa basi la shule. Winchi humpeleka kwa miguu mpaka kituoni, amembebea begi, na hukatiza uchochoroni wasipite mbele ya wale wapasua mbao wastaafu wanaocheza bao. Siku ile ya kwanza niliwasindikiza.

"Babu, si ulisema tutaenda na gari?"

"Gari limekwenda kazini na mama."

Ilikuwa kweli. Lakini aliisema akiangalia viatu vyake.